Moyo Ukipasuliwa, Figo Nazo Zilindwe



Somo letu la mwezi huu linawahusu hasa wenye mgonjwa anayesubiri kupasuliwa moyo. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa ng'ambo, mara nyingi India, au alibaki nyumbani akingoja siku zake. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Leo mzazi wa Nyambureti anaweza kupanda basi na mwanawe, barua ya rufaa mkononi, akiwa na matumaini ambayo wazee wetu hawakuwa nayo.

Lakini akifika huko hushangaa. Amempeleka mtoto kwa ajili ya moyo, mbona daktari anapima figo? Na mbona anauliza habari za babu, bibi, wajomba na mashangazi? Tujibu maswali hayo mawili.

FIGO ZINAUMIAJE MOYO UNAPOTIBIWA?

Figo zetu mbili huchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Ingawa ni ndogo, karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia humo. Kwa hiyo msukumo wa damu ukilegea, figo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia.

Ili kutengeneza valvu au kuziba tundu la moyo, mara nyingi madaktari huusimamisha moyo kwa muda. Kazi yake hufanywa na mashine inayopokea damu, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mashine hiyo huokoa maisha. Hata hivyo, damu ikipita katika mipira yake, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka na wekundu wake huzielemea figo. Tena msukumo wa damu huweza kupungua wakati huohuo.

Katika kila wagonjwa 10 wanaopasuliwa moyo, 2 au 3 huweza kupata madhara ya figo, makubwa au madogo. Wengi wao hupata nafuu baada ya siku chache. Wachache huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, na hao ndio walio katika hatari kubwa ya kufa.

Ndiyo maana wauguzi hupima mkojo kila saa. Mtoto wa kilo 40 akitoa chini ya mililita 20 kwa saa, yaani vijiko vinne vya chai, na hali hiyo ikaendelea saa 6, ni dalili ya hatari. Pia hupima katika damu uchafu uitwao kreatinini. Ukipanda ndani ya siku mbili za kwanza, figo zimeumia.

MBONA MMOJA HUUMIA NA MWINGINE HAPANA?

Sababu zinazojulikana vizuri ni uzee, kisukari, shinikizo la damu, upungufu wa damu, upasuaji wa muda mrefu, na zaidi ya zote, figo zilizokwisha dhoofika kabla ya upasuaji. Lakini wagonjwa wawili wanaweza kulingana katika hayo yote, mmoja akapona vizuri na mwingine figo zikagoma. Hapo wataalamu wakaanza kutazama chembe za urithi, yaani yale maagizo ya mwili ambayo kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo yao baada ya kuwachunguza wagonjwa zaidi ya 1,600 waliopasuliwa mishipa ya moyo. Waliona kwamba baadhi ya chembe za urithi, zikiwamo zinazotawala shinikizo la damu na uvimbe wa mwili, ziliambatana na kuumia kwa figo. Tena hazikuwa zilezile kwa Wazungu na kwa Wamarekani weusi. Uchunguzi mwingine umefuata, lakini matokeo hayajalingana kiasi cha kupata kipimo kimoja cha kumwambia mgonjwa: wewe utaumia, wewe hutaumia. Basi mtu akikuuzia kipimo cha namna hiyo, ujue anakudanganya.

URITHI WETU WENYEWE

Hata hivyo, yako mambo ya urithi yanayotuhusu sisi wa Mara.

La kwanza ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi. Aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa haugui, na tena hukingwa na malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua, na figo zake huharibika polepole. Katika upasuaji wa moyo damu huweza kupoozwa na oksijeni kupungua, na hapo chembe za selimundu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Madaktari wakijua mapema hujiandaa: huongeza damu, na hulinda joto la mwili. Wasipojua, hatari huwa kubwa.

La pili linahusu malale. Katika mbuga ya Serengeti wamo mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba mabadiliko fulani katika chembe ya urithi iitwayo APOL1 huisaidia damu kuua vijidudu vya malale. Ni ngao waliyotuachia mababu. Lakini aliyerithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama pia, figo zake zaweza kudhoofika mapema kuliko za wenzake. Yako kwa wingi Afrika Magharibi. Huku kwetu ni machache, ila yapo. Wengi walio nayo hawaugui kamwe.

URITHI SI LAANA

Tunajua jambo linalotokea katika nyumba nyingi. Mtoto akiugua, watu huuliza ugonjwa umetoka upande gani. Mama hulaumiwa kwamba ameleta damu mbaya katika ukoo wa mumewe. Basi anapofika hospitali na kuulizwa, "Kwenu kuna sikoseli? Kuna aliyekufa kwa figo?" hujibu "Hapana," kwa kuogopa wakwe waliosimama nyuma yake.

Jibu hilo laweza kumgharimu mtoto maisha. Mtoto wa selimundu amerithi kwa baba na kwa mama, sawa kwa sawa. Hakuna aliyechagua, na hakuna aliyeroga. Mficha maradhi kifo humuumbua.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya safari, wazee wa pande zote mbili wakae pamoja na kuandika: nani katika ukoo aliugua figo, kisukari, shinikizo la damu au selimundu; nani alipata shida alipopewa nusu kaputi. Karatasi hiyo apewe daktari.

2. Mgonjwa apimwe selimundu, wingi wa damu, mkojo na kreatinini mapema.

3. Asinunue dukani dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwani huumiza figo. Amwulize daktari dawa ya kutumia badala yake.

4. Kama ametumia mitishamba, aseme bila aibu. Baadhi yake huunguza figo.

5. Asiache dawa za moyo kwa shauri la jirani, wala asinywe maji mengi "kuosha figo" bila kuagizwa.

6. Akirudi nyumbani, arudi kupimwa figo kwa tarehe aliyopewa. Akivimba miguu, akikojoa kidogo au akihema kwa shida, awahishwe hospitali.

7. Tuwatibu watoto mafindofindo mapema. Koo lisilotibiwa laweza kuleta homa inayoharibu valvu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vijana wetu kupasuliwa moyo. Aliyekwisha pata homa hiyo asikose sindano zake za kila wiki 3 au 4.

Chembe tulizorithi hatuwezi kuzibadilisha. Lakini ukweli tunaomwambia daktari uko mikononi mwetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, tunajua wazee wetu waliugua nini?
2. Kwa nini mama ndiye hulaumiwa mtoto akirithi ugonjwa?
3. Ni dawa gani tunazinunua dukani bila kuuliza?