Mkopo wa halmashauri umemwinua nani?

Swali: Halmashauri ikishatoa mikopo kwa vikundi mia mbili, si hayo ndiyo mafanikio?

Jibu: Hizo ni fedha zilizotoka. Tanzania, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuibua madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na mikopo ikarudi 2024. Na kikundi hewa, kwenye taarifa, huhesabiwa kuwa kimefikiwa kama vingine.

Swali: Basi tuangalie marejesho?

Jibu: Yaangalie, lakini usiyaite kipato. Mama lishe anaweza kulipa rejesho la halmashauri kwa fedha ya VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kisha akauza mbuzi kulipa VICOBA. Kwa afisa maendeleo ya jamii huyo ni mkopaji wa mfano. Mimi humwuliza habari za jana tu: ulipika mchele kilo ngapi, mkaa wa shilingi ngapi, sahani ngapi zilitoka, nani alikula kwa mkopo? Ukimwuliza “kwa mwezi unapata kiasi gani?”, atakutajia tarakimu ya kumridhisha mgeni.

Swali: Kipato kikipanda, tutajuaje ni kwa sababu ya mkopo?

Jibu: Tafuta walioomba, wakakidhi vigezo, ila fungu likaisha kabla ya kuwafikia. Mvua ikinyesha vizuri au barabara ikiwekwa lami, hata wao watauza zaidi. Kilichozidi kwa wakopaji ndicho cha kuhesabu. Wote wapimwe kabla fedha haijatoka.

Swali: Na wasiohusika kabisa na mkopo?

Jibu: Hao ndio husahaulika, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukiongeza pikipiki kumi kwenye kijiwe chenye abiria walewale, vijana kumi wamepata kazi, lakini wa zamani wamegawana nao mkate. Mambo yanaweza pia kwenda kinyume chake. Kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini iliyoteuliwa, na kura ndiyo iliyoamua vijiji vipi kati ya 653 vipate. Watafiti walipima pia kaya zisizopewa, maduka na bei za sokoni. Kila dola ilizaa takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, bei zikapanda kwa asilimia 0.1 tu kwa wastani, na kaya zisizopewa nazo zikaongeza matumizi. Wangewahoji waliopewa peke yao, nusu ya habari ingepotea.

Swali: Halmashauri haina fedha za utafiti wa namna hiyo.

Jibu: Haizihitaji zote. Fomu za waliokosa mkopo tayari zipo kabatini, zina majina, kata na aina ya biashara. Zisitupwe. Mtendaji wa kata awatembelee wachache kati yao kila robo mwaka, awaulize maswali yaleyale ya jana, na akipita kijiweni awaulize na wale wa zamani.