SOMO LETU: TUJUE JOTO LA MAJI KABLA INJINI HAIJAUNGUA



Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilikaa miezi mitano bila kusaga unga. Bomba la maji ya kupoza injini ya posho mili lilikuwa limeziba, na hakuna aliyejua mpaka pistoni ikakwama. Akiba ya mwaka mzima ikaishia kwa fundi. Leo tujifunze kutengeneza kipima joto cha kutuonya mapema.

Kiini chake ni thamista, punje ndogo inayouzwa kwa mafundi wa redio. Maji yakizidi kupata moto, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi, kwa hiyo namba kwenye mita hushuka. Hata kompyuta zinazopozwa kwa maji hupimwa kwa thamista.

Vitu vinavyotakiwa: thamista ya omu 10,000 (kipimo chake katika nyuzi 25), waya mbili, kipande cha bomba jembamba la shaba, gundi inayostahimili moto, na mita ya fundi wa umeme.

Namna ya kutengeneza

1. Unga waya kwa risasi kwenye miguu miwili ya thamista. Vika kila mguu mpira wake. Ikigusana, mita itadanganya.

2. Ziba mwisho mmoja wa bomba, ingiza thamista mpaka chini, jaza gundi. Acha ikauke kabisa.

3. Jaribu. Katika maji yenye barafu mita isome karibu omu 30,000. Katika maji yanayochemka, karibu 1,000. Kumbuka, Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni karibu nyuzi 94.

4. Fundi akifunge pale maji ya moto yanapotoka kwenye injini, ncha ikiwa ndani ya maji. Saga kama kawaida kwa saa moja, kisha andika namba ukutani. Hiyo ndiyo alama yenu.

Tahadhari

Namba ikizidi kushuka chini ya alama, msingoje mvuke. Zima injini. Msimwage maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kitapasuka.

Tena, kipima hiki hakijui maji yamepungua. Bomba likikauka, ncha hubaki hewani na mita yaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari, kumbe injini inaungua. Kwa hiyo kuangalia tangi kila asubuhi hakuachwi.

Maswali ya kujadili mkutanoni

- Nani atasoma mita kila saa, na ataandika wapi?
- Je, huyo mtu tumempa ruhusa ya kuzima mashine hata kama foleni ni ndefu na mwenyekiti hayupo?

Hilo la pili mlijibu kabla ya kununua thamista.