Mzizi wa Korea na Vali ya Kaboni: Somo kwa Wanaotumia Warfarini na Wanaowahudumia

Vali bandia nyingi zilizomo vifuani mwa wagonjwa wetu wa moyo huitwa na wenyewe "vali za chuma". Jina hilo limezoeleka, lakini sehemu inayofunguka na kufunga kwa kila pigo la moyo si chuma, bali ni kaboni. Mgonjwa aliyewekewa vali ya aina hiyo hutakiwa kumeza warfarini maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara ili ijulikane kama dawa inafanya kazi kwa kiasi kinachofaa. Makala hii inahusu swali ambalo baadhi ya wagonjwa hao huliuliza, na ambalo wengine hawaliulizi ingawa wangepaswa: je, mtu wa namna hiyo anaweza kutumia jinsengi, ule mzizi wa Korea unaouzwa katika vidonge, chai, dondoo na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Jibu fupi ni kwamba asianze bila kumweleza anayemtibu, na kwamba akianza au akiacha, damu yake ipimwe. Jibu refu lina mafunzo zaidi, kwa sababu tafiti juu ya jambo hili zimetoa matokeo yanayoonekana kupingana, na asiyejua kuyasoma anaweza kuchukua upande mmoja akajiona yu salama.

Kaboni iliyotokana na kazi ya nyuklia

Katika miaka ya 1960 mhandisi Jack Bokros alikuwa akifanya kazi huko California, Marekani, ya kutafuta gamba la kufunika chembe za nishati ya nyuklia. Gamba hilo lilikuwa kaboni ya piroliti. Hutengenezwa kwa kupitisha gesi yenye kaboni katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za selisiasi. Gesi huvunjika, na kaboni hutua tabaka juu ya tabaka kwenye kipande cha grafiti. Kinachopatikana ni kitu kigumu, kisicholika upesi kwa kusuguana, kinachoweza kung'arishwa kikawa laini kama kioo. Wakati huohuo daktari mpasuaji Vincent Gott alikuwa akitafuta kitu kisichogandisha damu, na alikwisha kuona kwamba grafiti iliyopakwa heparini ilifanya vizuri kuliko plastiki nyingi. Bokros alisoma kazi yake, wakawasiliana, na kaboni ya tanuri ikaingia katika moyo wa binadamu. Mwaka 1977, huko Minnesota, ilipandikizwa kwa mara ya kwanza vali ya St. Jude yenye vipande viwili vya nusu duara vinavyofunguka kama milango miwili ya kabati. Umbo hilo ndilo linalotumika zaidi hadi leo katika vali za kaboni.

Sifa yake kubwa ni kudumu. Vali iliyotengenezwa kwa tishu ya nguruwe au ng'ombe huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Vali ya kaboni huweza kufanya kazi kwa miongo mingi. Hapa Afrika Mashariki jambo hilo lina uzito, kwani wengi wanaohitaji kubadilishiwa vali wameharibiwa moyo na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanzia katika koo la mtoto lililoambukizwa streptokokasi na kuachwa bila tiba. Mtu anafika kwa mpasuaji akiwa na miaka ishirini au thelathini. Akipewa vali ya tishu, anaweza kuhitaji upasuaji mwingine kabla watoto wake hawajakua.

Hata hivyo, kaboni haifanani kabisa na utando hai unaotanda ndani ya mishipa yetu. Protini za damu huinata, na katika bawaba za vile vipande viwili damu hupita polepole. Donge likijijenga hapo, lina njia mbili za kudhuru: kuzuia vipande visifunguke, au kung'oka na kwenda kwenye ubongo likaleta kiharusi. Wataalamu wa sayansi ya vitu wanaendelea kutafuta mbadala, na vali zenye vipande vya polima zimeanza kujaribiwa kwa binadamu. Kwa sasa mwenye vali ya kaboni anategemea dawa.

Dawa iliyoanzia malishoni

Warfarini ina historia inayopaswa kumsimamisha kidogo yeyote asemaye kwamba kitu cha shambani hakidhuru. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa nyanda za Marekani ya Kaskazini walitokwa damu hadi kufa baada ya kulishwa majani ya jamii ya klova yaliyovunda. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitenga kiini kilichosababisha maafa hayo, wakakiita dikumaroli. Kutokana na jamii yake ilipatikana warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuingia katika tiba ya binadamu katika miaka ya 1950.

Inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike tena na tena katika ini. Bila vitamini hiyo, ini halikamilishi protini nne za kugandisha damu, yaani zile ziitwazo faktari II, VII, IX na X. Nguvu ya dawa hupimwa kwa kipimo cha INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1. Mwenye vali ya kaboni katika nafasi ya aota kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3. Mwenye vali hiyo katika nafasi ya mitrali, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu inaweza kuganda kwenye vali. Juu sana ya hapo inaweza kuvuja ubongoni au tumboni. Njia ni nyembamba, na ndiyo maana kitu kidogo kilichoongezwa au kuondolewa huweza kumtoa mtu njiani.

Wasomaji watauliza juu ya dawa mpya zisizohitaji kupimwa INR. Zimejaribiwa. Utafiti wa RE-ALIGN, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha dabigatrani na warfarini kwa wenye vali za kaboni. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa waliopewa dabigatrani walipata madonge mengi zaidi na kuvuja damu zaidi. Utafiti wa PROACT Xa, uliochapishwa mwaka 2023, uliijaribu apiksabani kwa wenye vali ya aota ya aina ya On-X, nao ukasimamishwa mapema kwa sababu ya madonge. Hata kwa wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, ambao hawakuwa na vali za kaboni, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wakiwamo wa Afrika, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache kwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini kuliko kwa waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo mgonjwa wetu hana pa kukimbilia. Ni lazima aishi vizuri na warfarini.

Jinsengi si kitu kimoja

Korea ina elimu ya tiba ya asili iliyoandikwa kwa utaratibu kwa karne nyingi. Kitabu chake mashuhuri, Donguibogam, kilikusanywa na Heo Jun, tabibu wa mfalme, na kuchapishwa mwaka 1613. Mwaka 2009 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Hadi leo nchi hiyo ina leseni mbili tofauti, ya udaktari wa hospitali na ya tiba ya Kikorea, na mgonjwa anaweza kwenda kwa wote wawili katika wiki moja.

Jinsengi ya Korea ni mzizi wa mmea uitwao kitaalamu Panax ginseng. Mzizi wenye miaka sita ndio unaothaminiwa zaidi. Ukimenywa na kukaushwa huitwa jinsengi nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke ndipo ukaushwe, huwa jinsengi nyekundu. Tofauti hiyo inazidi rangi. Viini vyake vikuu, jinsenosidi, hubadilika kwa joto la mvuke, na vingine ambavyo havikuwamo kwa wingi huzaliwa humo. Jinsengi ya Marekani, Panax quinquefolius, ni mmea mwingine wa ukoo huohuo wenye mchanganyiko wake. Kisha bakteria wa utumbo huvivunja viini hivyo tena kabla havijaingia katika damu, na bakteria wa mtu mmoja si wa mwingine. Watu wawili wakimeza kidonge kilekile, damu zao huweza kupokea vitu tofauti.

Tafiti zinavyosema

Onyo lilianza na mgonjwa mmoja. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya mwanamume mwenye umri wa miaka 47 mwenye vali bandia, ambaye INR yake ilikuwa imetulia. Ilikuwa 3.1, wiki mbili baada ya kuanza vidonge vya jinsengi ilishuka hadi 1.5, alipoviacha ilipanda tena hadi 3.3 katika muda wa wiki mbili. Mwaka 2003 ikaja taarifa nyingine, nzito zaidi, ya mgonjwa aliyepata donge kwenye vali ya aota alipokuwa akitumia warfarini pamoja na bidhaa ya jinsengi.

Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwapa watu 20 wenye afya warfarini, kisha wakawagawa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa jinsengi ya Marekani, wengine vidonge vya mfano visivyo na dawa. Nguvu ya warfarini ilipungua kwa waliopewa jinsengi, ingawa kwa kiasi kidogo. Mwaka huohuo utafiti wa Australia, uliowahusu wanaume 12 wenye afya waliopewa dozi moja ya warfarini, haukuona jinsengi ikibadili lolote. Nchini Korea kwenyewe, tafiti kwa wagonjwa wa kiharusi na baadaye kwa waliobadilishiwa vali zilionyesha kuwa, kwa wastani, jinsengi ya Kikorea haikuishusha INR kwa kiasi cha maana.

Je, nani aaminiwe? Kwa maoni yangu, wote, kila mmoja kwa alichokipima. Tafiti za Korea zilitumia bidhaa inayojulikana, dozi isiyobadilika, na wagonjwa waliopimwa kwa karibu. Hazisemi lolote juu ya kopo lisiloeleza ni mmea upi, wala juu ya kinywaji kilichochanganywa na kafeini na mimea mingine. Tena wastani wa kundi humficha mtu mmoja. Katika kundi ambalo wastani haukubadilika anaweza kuwamo aliyeshuka na aliyepanda, na vali iliyoganda haipati nafuu yoyote kutokana na wastani. Taarifa ya mgonjwa mmoja nayo ina udhaifu wake, kwani haithibitishi kwamba kila mtu atapatwa na jambo hilo. Lakini INR iliyoshuka mzizi ulipoanza na kurudi ulipoachwa si ya kupuuzwa.

Kuhusu namna inavyotokea, utafiti wa mwaka 2012 kwa watu wenye afya ulionyesha kuwa Panax ginseng iliyotumiwa kwa wiki nne huongeza kazi ya vimeng'enya vya ini vya jamii ya CYP3A. Vimeng'enya hivyo huvunja sehemu ya warfarini, ile yenye nguvu ndogo, na huenda ndiyo maana athari ya jumla huwa ndogo kwa wengi. Kwa upande mwingine, katika maabara jinsenosidi kadhaa hupunguza kushikamana kwa chembe sahani za damu, jambo linaloelekea kwenye kuvuja damu. Tena INR haipimi chembe sahani. Anayeona INR nzuri asidhani kuwa ameona yote.

Katika chumba cha kliniki

Swali "Unatumia mitishamba?" mara nyingi hujibiwa "Hapana", kwa kuwa mgonjwa anahofia kukaripiwa, au kwa kuwa kidonge kilicho katika kopo lenye nembo si mtishamba machoni pake. Ni afadhali muuguzi aseme: "Mama, mbali na dawa tulizokupa, kuna kidonge, chai, unga au kinywaji cha nguvu unachotumia nyumbani? Ukiweza, njoo nacho tukione." Kikiletwa, jina na tarehe ya kuanza viandikwe kwenye kadi ya warfarini.

Ushauri wa kwanza ni kutotumia jinsengi, maana faida yake kwa mgonjwa huyu ni ndogo mno kulinganisha na hatari. Aliyekwisha kuizoea asiambiwe tu aache na kwenda zake. Kama dozi ya warfarini iliongezwa wakati anatumia mzizi huo, kuuacha ghafla kunaweza kuipandisha INR. Ipimwe baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili, kama inavyofanywa anapoanza dawa yoyote mpya.

Na dawa za hospitali hushinda jinsengi kwa mbali katika kuivuruga INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na dozi ya warfarini huhitaji kuongezwa, kisha kupunguzwa tiba ya kifua kikuu inapokwisha. Metronidazoli na kotrimoksazoli huipandisha. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K kwa wingi, lakini hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki.

Mgonjwa aliyesahau dozi, au aliyeambiwa INR imeshuka, asimeze vidonge maradufu kwa uamuzi wake mwenyewe, aende kliniki. Kinyesi cheusi kama lami, damu katika mkojo, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, mdomo kupinda, mkono kulegea au kushindwa kusema ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ipo na dalili moja ambayo mwenye vali ya kaboni anaweza kuitambua mwenyewe. Vali hiyo hutoa mlio mdogo mkavu, kama wa saa ya mkononi, na wengi huusikia wanapolala penye utulivu. Mlio huo ukififia au ukapotea, hasa pamoja na kuishiwa pumzi, asisubiri siku ya kliniki.