Pongo Hukimbia Kabla ya Picha

*Kila pongo anayeonekana vichakani hukimbia kabla ya kupigwa picha, na picha chache zinazopatikana hutoka na ukungu. Je, kamera ni mbovu? Msomaji, Mbaha*

Matatizo ni mawili, na kamera haina lawama kubwa. Pongo, ambaye hula zaidi alfajiri na jioni, humnusa mtu hata kabla ya kumwona; na kwa kuwa upepo wa alfajiri kwa kawaida huteremka kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, inafaa mpigapicha asimame upande wa ziwa, ingawa mwera, yaani upepo wa kiangazi kutoka kusini, huvuruga kanuni hiyo, hivyo vumbi kidogo lirushwe kwanza ili kuona upepo unaelekea wapi.

Ukungu hutokea pale ambapo shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, hubaki wazi kwa muda mrefu kwenye mwanga hafifu. Kasi ya 1/500 ya sekunde humtosha mnyama anayetembea, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishwe hata kama picha itapata chembechembe, ambazo huvumilika kuliko ukungu. Kwa video, kamera iegemezwe kwenye mti au jiwe.

Kwa anayekwenda kupiga picha katika Pori la Akiba Liparamba, kibali hutangulia; nyati au tembo akionekana, msomaji arudi nyuma taratibu na kuwaarifu askari wa wanyamapori.