SOMO LA MWEZI: JINA LA CHAMA NA MAGHALA YA MTANDAO



Mwenzetu wa shamba la chai hufungua tovuti ya chama kwa simu ili asome mkataba. Kama mtambo uko Ulaya, ukurasa hupita baharini hadi Mombasa, kisha nchi kavu zaidi ya kilometa 1,000 mpaka hapa Naguru. Ndiyo maana vyama hukodi maghala ya mtandao: kampuni inayoweka nakala za kurasa katika miji mingi, msomaji apewe iliyo karibu.

Lakini msomaji atalijuaje ghala? Kuna daftari liitwalo DNS, linaloonyesha kila jina liko wapi. Tuseme jina letu ni chamachetu.or.ug. Hilo ni shina. Likitanguliwa na www, ni tawi.

Tawi ni rahisi. Unaandika rekodi ya CNAME, maana yake: "Kaulize jina la ghala." Shina haliwezi hivyo. Hapo pana rekodi za NS, zinazotaja mtunza daftari, na MX, inayoelekeza barua pepe. Kanuni za mwaka 1987 zasema jina lenye CNAME lisiwe na rekodi nyingine. Ukilazimisha, daftari litakataa, au barua zitapotea. Kibarua aliyeandika kudai mshahara wake atangoja jibu bure.

Njia ni tatu:

1. Andika namba za ghala katika rekodi A. Hakikisha kampuni imeahidi kutozibadilisha.

2. Tumia rekodi ya ALIAS. Mtunza daftari huliuliza ghala mwenyewe, kisha humpa msomaji namba. Si watunzaji wote wanayo.

3. Shina liwe mlango tu wa kuwapeleka watu kwenye www. Mlango huo nao wahitaji mtambo wake mdogo.

Kabla ya kugusa chochote, nakili daftari lote. Siku moja mbele, punguza muda wa kumbukumbu, TTL, uwe sekunde 300, ili kosa lisahihishwe upesi. MX usiiguse. Ukimaliza, jaribu tovuti na barua pia.

Jina liandikishwe kwa chama, si kwa fundi. Neno la siri liwe kwa viongozi wawili.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Jina la chama chetu limeandikishwa kwa nani?

2. Fundi akiondoka leo, nani atafungua daftari?