Uzazi wa Matumbawe ya Maji Baridi

Wasomaji wetu wa pwani hawana haja ya kuelezwa tumbawe ni kitu gani. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe yake, na chokaa ya kuta zake ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Wasomaji wa bara labda wameyaona katika picha tu. Lakini wengi wetu, wa pwani na wa bara, twadhani ya kwamba matumbawe ni mali ya bahari za joto peke yake. Sivyo. Yako mengine yaishiyo gizani, katika maji ya baridi kali, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki.

Mwaka 2002, karibu na visiwa vya Røst katika nchi ya Norway, wataalamu waligundua mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilometa 35 na zaidi, ukiwa chini ya maji kiasi cha mita 300 hadi 400. Tumbawe lililoujenga laitwa Lophelia. Si kwamba hapo awali lilikuwa halijulikani. Wavuvi wa Norway walikuwa wakilinasa katika zana zao tangu zamani, na mwaka 1768 Johan Ernst Gunnerus, askofu wa Kilutheri wa Trondheim aliyependa sana elimu ya viumbe, aliandika habari za matumbawe ya nchi yake. Matumbawe ya kwetu hulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo mno ukaao ndani ya miili yao, nao huhitaji jua. Lophelia hana mwani huo. Hungoja chakula kiletwacho na mkondo wa maji, akakikamata kwa mikono yake midogo. Hukua polepole, na miamba yake mingine imeanza kujengwa maelfu ya miaka iliyopita.

Uzazi wake nao ni wa subira. Yako matumbawe ya kike na ya kiume, na kila moja humwaga mbegu zake majini. Katika hori la Trondheim jambo hilo hutukia kati ya Januari na Machi. Yai likisharutubishwa hutoka kiluwiluwi kidogo kisichoonekana vema kwa macho, ambacho huogelea na kuchukuliwa na maji kwa majuma kadhaa kabla ya kuwa tayari kutua. Nacho hakitui popote. Chataka kitu kigumu: jiwe, au mifupa ya matumbawe yaliyokufa. Matope hayakifai.

Sasa tuitazame hatari yenyewe. Mama wa nyumbani aweza kuionyesha jikoni. Twaa ganda la yai, ulitie katika siki, uliache usiku kucha: litatoa mapovu, kisha litalainika na kuliwa. Ganda la yai na mfupa wa tumbawe vyote viwili ni vya namna ya chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Bahari haijawa siki, wala haitakuwa. Maji yake yangali upande wa pili wa kipimo. Lakini yasogea. Hewa ya ukaa, itokayo katika makaa ya mawe na mafuta tuyachomayo, ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda kuanza. Leo imepita 420. Bahari imemeza kiasi cha robo ya ile tuliyoitoa, na hewa hiyo ikiingia majini huzaa uchachu. Kipimo kiitwacho pH kimeshuka, katika maji ya juu, toka 8.2 hadi 8.1 hivi. Msomaji asidanganywe na udogo wa tarakimu hizo: kwa jinsi kipimo hiki kilivyopangwa, maana yake ni kwamba chembe za uchachu zimeongezeka kwa karibu 30 katika mia. Tena maji ya baridi hushika hewa hiyo kuliko ya moto, kama soda ya baridi ishikavyo mapovu yake na ya moto iyapotezavyo upesi. Kwa hiyo bahari za baridi ndizo zinazotangulia kuumia.

Je, uzazi waguswaje? Katika Alaska, nchini Marekani, yako matumbawe mekundu yenye umbo la mti, aina ya Primnoa, ambayo samaki wengi hujisitiri katika matawi yake. Mayai yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa. Wataalamu waliyaweka mengine katika maji yenye kipimo cha 7.75, na mengine katika maji ya 7.55, kipimo kinachotazamiwa kufikia mwaka 2100. Baada ya miezi sita hadi tisa, mayai ya wale wa maji machachu yalikuwa madogo zaidi, na idadi yake ilipungua kwa karibu 30 katika mia. Tena ilionekana ya kwamba majike walikuwa wakiyayeyusha mayai yao wenyewe mwilini na kuyafanya chakula. Mkulima aliyewahi kuila mbegu aliyoiweka kwa ajili ya masika ataelewa. Kuishi katika maji ya namna hiyo kwadai nguvu nyingi, na nguvu hizo zapaswa kutoka mahali fulani.

Hilo ni jaribio moja, la miezi michache, lililochapishwa mwaka 2019. Si haki kulifanya kuwa sheria ya bahari zote. Hata hivyo, liko jambo jingine lililolingana nalo. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya kumweka Lophelia kwa mwaka mzima katika maji ya namna hiyo. Tumbawe hai liliendelea kujenga. Lakini mifupa mitupu ya yaliyokufa, isiyofunikwa na nyama hai, iliyeyuka na kudhoofika. Hiyo ndiyo mifupa inayoubeba mwamba mzima, na juu yake ndipo viluwiluwi hutua.

Hasara ya namna hii ni vigumu kuigundua mapema. Mti wa Primnoa waweza kuishi miaka mia na zaidi. Mzamiaji akiupita leo atauona umesimama, mwekundu, wenye afya, na samaki wamelala chini ya matawi yake. Hataona ya kwamba mwaka huu haukuzaa, wala mwaka uliopita. Hilo litajulikana siku kamba ya mvuvi itakapouvunja, na pasiwe na mdogo wa kuchukua mahali pake.