Maswali na Majibu: Injini Inayochelewa Kuwaka

1. Tofautisha kati ya stata nzito na injini inayochelewa kuwaka. (alama 4)

Stata nzito ni stata inayozungusha injini polepole. Kasoro yake ni ya umeme: betri, nyaya au stata yenyewe. Injini inayochelewa kuwaka huzungushwa kwa kasi ya kawaida lakini haishiki upesi. Kasoro yake iko kwenye mafuta, cheche au hewa. Wengi hupoteza alama hizi kwa kuandika "betri" kila mahali. Sikiliza stata kwanza.

2. Probox iliyopakiwa omena ufuoni Sori ina stata nzito alfajiri. Eleza jinsi ya kupima betri. (alama 6)

Pima betri iliyopumzika. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; volti 12.4 ni robo tatu hivi. Chini ya volti 12 ni betri iliyokwisha. Kisha pima tena mwenzako akipiga stata. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu. Zisiposhuka na stata bado ni nzito, shuku nyaya, athi na stata. Kipimo cha pili kina alama 3, nacho ndicho kinachosahauliwa.

3. Eleza chanzo cha unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, na namna ya kuuondoa. (alama 5)

Chanzo ni asidi ya betri inayovuja au kutoa mvuke na kula chuma. Mtahiniwa wa Sori asijibu "chumvi ya ziwa": maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi ya waya, kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, ili spana isigusane na bodi ikapiga shoti.

4. Gari huwaka upesi swichi ikifunguliwa na kufungwa mara tatu kabla ya kupiga stata. Bainisha kasoro. (alama 3)

Shinikizo la mafuta hupotea gari linapolala. Pampu huvuma sekunde chache kila swichi inapofunguliwa na kulirudisha. Shuku vali inayozuia mafuta yasirudi kwenye tangi, au nozeli inayovuja. Usiandike "pampu imekufa": pampu iliyokufa haiwashi gari.

5. Taja sababu mbili nyingine za injini kuchelewa kuwaka. (alama 2)

Plagi zilizochakaa, kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi. "Betri" hapa ni alama sifuri.